Maswali ya Ufundi: Kioo cha Picha kwenye Kifaa cha Kujitengenezea

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Mwanza na visiwa vya jirani, na karibu zote zinahusu jambo moja. Msomaji amekwisha kutengeneza kifaa chake kwa maikrokontrola, yaani chipu moja yenye kompyuta ndogo ndani yake, kifaa kinapima na kuwasha kinachotakiwa kuwashwa, na sasa anataka kiwe na kioo cha kuonyesha tarakimu kubwa, mchoro au picha. Barua zilizouliza bei na maduka hatukuzichapisha, kwa kuwa bei hubadilika kabla gazeti halijatoka kiwandani.

Kompyuta inasema nafasi ipo, kioo kinakataa kuwaka

*Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa majokofu katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Nimetengeneza kifaa cha kufuatilia joto la chumba cha baridi kwa ubao wa maikrokontrola wa Arduino Uno na sensa ya joto ya DS18B20. Kila dakika tano kinahifadhi kipimo kimoja kama namba ya float (namba yenye desimali), ili asubuhi mwenye samaki aone mchoro wa saa 24 zilizopita. Kioo ni OLED ndogo (ambayo nukta zake huwaka zenyewe bila taa ya nyuma) ya nukta 128 kwa 64. Ninapopakia programu, kompyuta inaniambia nimetumia baiti 1,602 za kumbukumbu, yaani asilimia 78, na zimebaki 446. Hata hivyo kioo hakiwaki. Nikiondoa sehemu ya mchoro kinawaka vizuri. Je, kioo ni kibovu? Na je, ninunue kile cha rangi cha inchi 2.8, kama mwenye samaki anavyonishauri?*

Kioo chako ni kizima na nyaya zako ni sahihi, la sivyo kisingewaka hata ulipoondoa mchoro. Kilichokwisha ni kumbukumbu ya kazi. Chipu ya ATmega328P iliyo kwenye Uno ina kilobaiti 32 za kuhifadhi programu, lakini RAM yake, yaani hiyo kumbukumbu ya kazi, ni baiti 2,048 tu, na humo ndimo vinamokaa vigeuzi vyote, orodha ya vipimo vyako na picha inayosubiri kupelekwa kwenye kioo. Nukta 128 mara 64 ni nukta 8,192. Kila nukta huhitaji biti moja tu, kwa kuwa ama imewaka ama imezima, na biti nane hufanya baiti moja, kwa hiyo picha nzima hula baiti 1,024. Maktaba (mkusanyiko wa amri zilizokwisha kuandikwa) ya kampuni ya Adafruit ya vioo vyenye chipu ya SSD1306, ambayo kwa dalili hizi ndiyo unayoitumia, haitengi nafasi hiyo wakati programu inapotafsiriwa kwenye kompyuta, bali huiomba kifaa kinapowashwa, ndani ya amri ya begin(). Ndiyo maana haikuhesabiwa katika ile asilimia 78. Maktaba inaomba baiti 1,024, zilizobaki ni 446, ombi linakataliwa, na kioo kinabaki giza bila kulalamika. Amri ya begin() hurudisha jibu la ndiyo au hapana, na watu wengi hawalikagui kwa sababu siku ya kwanza, programu ikiwa bado fupi, jibu huwa ndiyo.

Sasa tuangalie orodha yenyewe. Vipimo vya kila dakika tano kwa saa 24 ni 288, na kila float ni baiti nne, kwa hiyo umeweka rehani baiti 1,152 kwa ajili ya mchoro peke yake, na mambo mengine yote ya programu yanatumia 450 tu. Wazo la kwanza ni kuacha desimali na kuhifadhi namba nzima za baiti mbili, ambapo joto la 3.5 linaandikwa 35. Orodha inashuka hadi 576. Jumlisha 576, 450 na 1,024, utapata 2,050. Umezidi kwa baiti mbili, tena kabla hujaiachia programu nafasi ya kufanyia hesabu zake za ndani.

Dawa imo kwenye upana wa kioo. Kina safu 128 za wima, hivyo vipimo 288 visingeweza kuonekana vyote hata kama kumbukumbu ingekuwa tele. Chukua wastani wa kila dakika 15. Hapo saa 24 zina vipimo 96, kila kipimo kinapata safu yake, na zinabaki safu 32 upande wa kushoto za kuandikia namba za nyuzijoto. Vipimo 96 vya baiti mbili ni baiti 192, na jumla yote sasa ni 1,666, ukibakiwa na 382 za kupumulia. Maneno yote yasiyobadilika, kama vile “Joto la sasa”, yafunge kwa amri ya F() ili yabaki kwenye flashi, ile kumbukumbu ya kuhifadhi programu, yasiingie RAM. Ikiwa hata hapo utabanwa, hamia maktaba ya U8g2 ya Oliver Kraus, ambayo inaweza kuchora kioo kwa vipande vinane vya baiti 128 kila kimoja, ingawa programu yako italazimika kurudia amri za kuchora kwa kila kipande.

Kuhusu mpangilio, vioo vingi vya aina hii vina mistari 16 ya nukta ya juu yenye rangi ya manjano na mistari 48 ya chini yenye rangi ya buluu. Weka joto la sasa kwenye manjano, na mchoro kwenye buluu. Ukichukua joto kutoka nyuzijoto 4 chini ya sifuri hadi 12 juu yake, hizo ni nyuzijoto 16, na kila moja inapata nukta tatu kamili za wima. Chora mstari wa vitone kwenye nyuzijoto 4. Samaki mbichi anatakiwa kukaa karibu na joto la barafu inayoyeyuka, na mwenye samaki akiona mlima umevuka mstari ule saa nane usiku hatahitaji kuelezwa kwamba mlango uliachwa wazi.

Kioo cha rangi cha inchi 2.8 kwa kawaida huwa na chipu ya ILI9341 na nukta 240 kwa 320. Kila nukta ya rangi inachukua baiti mbili, yaani biti tano za nyekundu, sita za kijani na tano za buluu, kwa hiyo picha moja ni baiti 153,600, mara 75 ya RAM yote ya Uno. Hata hivyo Uno inaweza kukiendesha, kwa sababu chipu ya kioo ina kumbukumbu yake ya kutunza picha na Uno inaituma nukta moja moja bila kuihifadhi. Kasi ndiyo itakayokuudhi. Ukitaka kioo hicho, badilisha na maikrokontrola pia. ESP32 ina kilobaiti 520 za RAM, na Raspberry Pi Pico ya kwanza ina 264. Kwenye upana wa nukta 320, orodha yako ya awali ya vipimo 288 inakaa yote, kila kipimo na safu yake.

Mimi ningebaki na OLED ikiwa anayekisoma ni mtu mmoja anayesimama mlangoni. Jambo moja tu la kuangalia: nukta za OLED huchakaa kadiri zinavyowaka, na maandishi yasiyohama usiku na mchana huacha kivuli chake kwenye kioo. Weka kitufe, kioo kiwake kikibonyezwa na kizime baada ya dakika moja, huku upimaji ukiendelea.

Kioo cheupe tupu

*Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa umeme, Nyakato. Nimeunganisha kioo cha ILI9341 na Uno kwa kufuata mchoro nilioupata mtandaoni. Kinawaka cheupe chote na hakuna kinachoandikwa. Muuzaji anasema kilikuwa kizima.*

Weupe huo unakuambia jambo moja tu, kwamba taa ya nyuma ya kioo inapata umeme. Taa hiyo haijui chochote kuhusu picha, na itawaka hata kama hujaunganisha waya mmoja wa data. Chipu ya kioo haijapokea maagizo yake ya kuanzia, au imeyapokea yakiwa yameharibika.

Sababu ninayoishuku kwanza ni volti. Pini za Uno hutoa ishara za volti 5, ilhali ILI9341 hufanya kazi kwa ishara za volti 3.3. Watu hudanganywa na ubao mdogo wa kijani au mwekundu ulio nyuma ya kioo, ambao kwenye pini ya VCC una kipunguza volti, wakadhani kwamba na pini nyingine zimelindwa. Hazijalindwa. Kwa kila waya unaotoka Uno kwenda kwenye kioo weka rezista mbili: ya kilo-omu 1 kutoka Uno hadi kwenye pini ya kioo, na ya kilo-omu 2 kutoka pini hiyo hadi graundi. Theluthi mbili za volti 5 ni 3.33, na hapo chipu inasikia vizuri. Ukitumia ESP32 au Pico huhitaji rezista hizo, kwa kuwa nazo ni za volti 3.3.

Baada ya volti, kagua pini tatu ambazo kila mchoro wa mtandaoni huzipanga kwa namna yake: CS (inayochagua kioo), DC (inayotenganisha amri na data) na RESET (inayoanzisha kioo upya). Namba zilizo kwenye programu yako lazima ziwe zile zile ulizochomeka. RESET isiachwe ikielea hewani. Ikiwa programu haiitumii, iunganishe na volti 3.3.

Inawezekana pia chipu si hiyo unayoidhani. Vioo vya ILI9341, ST7789 na ILI9488 huuzwa vikiwa na sura zinazokaribiana sana, na kibandiko cha nyuma si ushahidi. Ikiwa umeunganisha waya wa MISO, unaorudisha majibu kutoka kwenye kioo, tuma amri ya 0xD3, na ILI9341 ya kweli itajibu kwa 93 na 41 mwishoni. Ukipata picha ambayo nyekundu imekuwa buluu na buluu imekuwa nyekundu, furahi, maana hapo kila kitu kimefaulu isipokuwa mpangilio wa rangi, unaorekebishwa kwa mstari mmoja wa programu.

Kompresa ikiwaka, picha inavurugika

*Mhariri, nina mtambo mdogo wa barafu Igogo. Kioo changu ni kile kikubwa cha buluu cha ST7920, nukta 128 kwa 64, kipo mlangoni, na ubao wa maikrokontrola upo kwenye boksi la kontakta (swichi kubwa inayowasha kompresa), umbali wa kama mita mbili. Kontakta inapobana, kioo hujaa herufi za ajabu. Joto linaendelea kudhibitiwa kama kawaida. Nikizima na kuwasha kinapona.*

Maelezo yako yamejaa ushahidi. Programu haijaanguka, kwa kuwa joto linadhibitiwa. Kilichopotea ni hali ya kioo: cheche ya umeme iliyorukia kwenye nyaya imesomeka kama amri, na tangu hapo kioo na maikrokontrola hawaelewani tena.

Kosa kubwa ni zile mita mbili. Nyaya za data za kioo zimekusudiwa sentimita chache. Geuza mpangilio, ubao ukae nyuma ya kioo pale mlangoni, na kinachosafiri kiwe ni waya wa sensa na waya wa kuamuru rilei. DS18B20 huvumilia mita nyingi kwa waya wa simu wa jozi zilizosokotwa, alimradi rezista yake ya kilo-omu 4.7 ipo. Nyaya hizo zisipite bomba moja na waya wa kompresa.

Kisha zima cheche pale inapozaliwa. Sambamba na koili ya kontakta weka rezista ya omu 100 ikiwa imefuatana na kapasita ya maikrofaradi 0.1, nayo iwe ya daraja la X2 lililotengenezwa kwa ajili ya umeme wa nyumbani, si kapasita yoyote uliyoichomoa kwenye redio. Karibu kabisa na pini za umeme za kioo lehemu kapasita ya nanofaradi 100. Na chaja inayolisha maikrokontrola isiwe ndiyo inayolisha koili ya rilei.

Mafundi wengine huiambia programu ianzishe kioo upya kila baada ya dakika chache. Si aibu kufanya hivyo, na mtambo wa barafu hauwezi kusubiri ukamilifu, lakini usiifanye kuwa mbadala wa kuhamisha ubao.

Jua la ziwani

*Kwenu wataalamu, tunafuga sato kwenye vizimba Ukerewe. Tumeweka kifaa cha kupima joto la maji na hali ya betri ya sola, chenye kioo cha rangi. Asubuhi kinasomeka, lakini ikifika saa nne hakionekani kitu hata ukikikinga kwa mkono. Je, kuna namna ya kuongeza mwanga wake?*

Msiongeze mwanga. Taa ya nyuma ya kioo cha aina hiyo haiwezi kushindana na jua la huku, ambako tupo nyuzi mbili tu na ushee kusini mwa Ikweta na maji yanalirudisha jua usoni kutoka chini. Mtaishia kumaliza betri. Kinachofaa ni kioo kinachotumia mwanga wa jua wenyewe, yaani kinachouakisi, ili kadiri jua linavyokaza ndivyo maandishi yanavyokolea.

Cha kuanzia, tena rahisi, ni kile kilichotokana na simu ya Nokia 5110. Kina nukta 84 kwa 48, picha yake nzima ni baiti 504, na taa ikiwa imezimwa kinatumia chini ya miliampia moja. Nukta hizo zinatosha joto la maji kwa tarakimu kubwa na mstari mmoja wa betri, na sioni kwa nini kizimba kihitaji zaidi. Kwa wenye uwezo zaidi, kipo kioo cha Sharp kiitwacho Memory LCD, cha inchi 2.7 na nukta 400 kwa 240, ambacho ni kikali sana juani. Karatasi ya kielektroniki nayo inapendeza kwa kuwa picha hubaki hata umeme ukikatika, ila kubadilika kwake huchukua sekunde kadhaa na hupepesa nyeusi na nyeupe wakati wa kubadilika. Kwa joto la maji, linalobadilika polepole, hilo si tatizo.

Yapo mambo mawili ambayo katalogi hazitawaambia. Kwanza, mtu aliyevaa miwani ya jua ya polaroidi, ile inayokata mng'ao wa maji, anaweza kuona kioo cha LCD kikiwa cheusi kabisa kikitazamwa kwa mlalo mmoja, na kikisomeka vizuri kikigeuzwa robo mzunguko. Jaribuni kwa miwani hiyo kabla hamjatoboa boksi. Pili, unyevu ndio utakaoua kifaa kabla ya jua. Boksi linalozuia maji ya mvua halizuii hewa yenye mvuke kuingia mchana na kugeuka matone usiku likipoa. Nyaya ziingilie upande wa chini, mfuko wa silika uwemo na ubadilishwe, na ubao upakwe vanishi ya elektroniki, huku viunganishi na tundu la kadi vikizibwa kwa utepe kwanza ili visipakwe.

Kioo kinapepesa, na tarakimu ya ziada inabaki

*Ndugu Mhariri, nipo Malimbe. Kioo changu cha ILI9341 kinaonyesha joto kila sekunde, lakini kinapepesa hadi macho yanauma. Nilipoacha kufuta kioo, kupepesa kukaisha, ila joto likishuka kutoka 10.0 hadi 9.9 kinasomeka 9.90. Aidha, nikiwasha tu huonekana 85.*

Kupepesa kunatokana na kufuta kioo kizima. Kwenye Uno, ambayo kasi yake ya juu ya SPI, njia ya kupelekea data kwenye kioo, ni megahezi 8, kupeleka nukta zote 76,800 huchukua angalau milisekunde 154, na jicho linauona weusi huo kila mara. Ulifanya vyema kuacha. Sasa andika kwa kutaja rangi mbili, ya herufi na ya mandharinyuma, ili kila tarakimu ijifutie nafasi yake, na uhakikishe kwamba maandishi yana urefu ule ule daima, yaani 9.9 itanguliwe na nafasi tupu moja. Ile sifuri iliyobaki ni ya 10.0 ya zamani, ambayo hakuna aliyeifuta.

Njia hiyo inafanya kazi kwa herufi za kawaida za maktaba ya Adafruit. Ukichagua fonti nzuri za ziada, maktaba hiyo haichori mandharinyuma yake, na tarakimu zitaanza kupandana. Hapo chora kwanza kwenye turubai ndogo ndani ya RAM, kisha iweke kwenye kioo kwa mkupuo mmoja. Kwa ESP32, turubai ya rangi ya nukta 120 kwa 48 ni baiti 11,520, ambazo haitazihisi. Kwa Uno hazipo, hivyo tumia turubai ya rangi moja, ambayo kwa ukubwa huo huo ni baiti 720.

Ile 85 si joto. Ndiyo thamani ambayo DS18B20 huwa nayo inapopata umeme, kabla haijapima. Subiri kipimo cha kwanza kikamilike, ambacho kwa usahihi wa biti 12 huchukua hadi milisekunde 750, kisha uonyeshe.

Alama ya nyuzi

*Kwa mhariri. Mimi ni mwalimu mstaafu, Sengerema, na nimejitengenezea mashine ya kutotolea vifaranga. Kioo changu ni cha herufi, mistari miwili ya herufi 16. Nikiandika 37.5°C, mahali pa kile kiduara hutokea herufi isiyojulikana na kistari. Vijana wananicheka.*

Shikamoo Mwalimu. Vijana wasikucheke, maana kioo kinasoma sawasawa ulichokiandika. Kompyuta huhifadhi kiduara kile kwa baiti mbili, C2 na B0, ilhali chipu ya kioo chako, HD44780, ambayo kampuni ya Hitachi ya Japani iliitengeneza kabla ya utaratibu huo kuwapo, husoma kila baiti kama herufi kamili, na katika jedwali lake namba hizo mbili ni herufi ya Kijapani na kistari chake. Katika jedwali hilo hilo kiduara kipo kwenye namba 223. Andika 37.5, kisha lcd.write(223), kisha C. Ukija kuhamia kioo cha picha utachora kiduara mwenyewe cha nusu kipenyo cha nukta mbili.

Mizani na mikono yenye maji

*Dada au Kaka Mhariri, ninanunua dagaa Igombe. Mdogo wangu ananitengenezea mizani ya kielektroniki na anataka iwe na kioo cha kugusa kama simu. Mikono yetu huwa na maji na magamba muda wote. Itafaa?*

Kioo kama cha simu hakitafaa, dada. Hutambua kidole kwa jinsi kinavyobadilisha umeme mdogo ulio kwenye uso wa kioo, na tone la maji nalo hukionekania kama kidole. Utakuta bei imebadilika bila mtu kuigusa. Kipo kioo cha kugusa cha aina nyingine, kinachohisi mgandamizo, ambacho hufanya kazi hata kwa glavu au kwa ncha ya kalamu. Vile vioo vya ILI9341 vyenye chipu ya XPT2046 ni vya aina hiyo. Lakini uso wake ni plastiki laini, na magamba na chumvi vitaukwaruza.

Ushauri wangu kwa mdogo wako ni kutenganisha mambo. Kioo kiwe cha kutazama tu, kikae nyuma ya kipande cha akriliki kilichobandikwa kwa silikoni, na amri zitolewe kwa vitufe vitatu vikubwa visivyopitisha maji: kurudisha sifuri, kuondoa uzito wa ndoo, na kuwasha. Hata programu itakuwa fupi. Ikiwa hapendi kuandika programu ya kuchora, zipo aina za vioo kama Nextion ambazo hutunza picha zenyewe na kupokea maneno mafupi kwa waya wa mfululizo, kila amri ikifungwa kwa baiti tatu za 0xFF. Wanaosahau baiti hizo tatu ndio wengi wanaotuandikia kwamba Nextion yao ni bovu.

Kitu kitakachomsumbua zaidi ni tarakimu kucheza. Chipu ya HX711 inayosoma uzito hutoa namba ya biti 24, mara 10 au 80 kwa sekunde, na mwishoni mwa namba hiyo ni kelele tupu. Asionyeshe kila anachosoma. Achukue wastani wa vipimo vichache, akadirie hadi gramu ambazo mizani inaziweza kweli, na abadilishe tarakimu kwenye kioo mara mbili au tatu tu kwa sekunde. Uzito ukitulia, alama ndogo iwake pembeni, ili wewe na mvuvi mjue wakati mmoja kwamba sasa inasomeka.

Mizani hiyo itawafaa kwa kujipimia wenyewe, kama vile kulinganisha ndoo kabla ya kuanika. Kwa kununulia na kuuzia, mizani yoyote inatakiwa kukaguliwa na kugongwa muhuri na Wakala wa Vipimo, kwa hiyo aende kwenye ofisi yao ya Mwanza aulize masharti kabla hajatoboa boksi na kubandika kioo, kwa sababu kifaa kisichofungika kwa lakiri ni vigumu kukitengeneza upya kikishakamilika.